Kulia na Kujiliza



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kueleza jambo lililonifika mimi mwenyewe katika kazi yangu ya kusomesha. Kila uingiapo Mfunguo Sita, watoto wa vyuo vyetu hupewa mambo ya kusoma mbele ya watu. Huyu hupewa kasida, yule hotuba, na mwingine hupewa maneno ya mtu aliyekufa zamani, akasimama mahali pake na kusema kana kwamba ndiye yeye. Sisi walimu, pamoja na wazee wa watoto, hutaka mtoto asome kwa moyo, watu waguswe. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza moyo huo hupatikana kwa njia gani. Mimi nalikuwa katika wasiojiuliza, na ujinga wangu ulimwumiza mtoto asiye na kosa. Naandika ili mwenzangu asirudie.

Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nalisoma chuoni kwa marehemu baba yangu, kisha nikamaliza skuli ya msingi, na sikuendelea mbele. Tangu ujana wangu nasomesha watoto Kurani katika mtaa wetu hapa pwani, nami sasa nimepita miaka 50.

Katika mwaka 2019 tulikubaliana chuoni kwetu kuwa katika Maulidi ya wanawake msichana mmoja wa miaka 12 asome sehemu ya Utendi wa Mwana Kupona. Sitamtaja jina lake. Nalimchagua kwa kuwa sauti yake ni nzuri na hifadhi yake ni ya haraka. Beti 30 nilizompa alizishika kwa siku sita.

Wasomaji wengi waujua utenzi huo, lakini si vibaya kukumbusha. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa Pate, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Mumewe alifariki mwaka 1856. Yeye alitunga utenzi wake mwaka 1858, hali akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Na miaka michache baadaye naye akarejea kwa Mola wake. Beti zake ni zaidi ya 100, na ndani yake msemaji ni mmoja tu, naye ni mama mgonjwa. Amwita mwanawe asogee, akae mbele yake na wino na karatasi. Kisha amwambia yaliyo moyoni mwake: haki za Mungu na Mtume wake, adabu kwa watu, mambo ya mume na nyumba, na mwisho aomba dua ndefu. Binti hajibu hata neno moja. Basi anayeusoma mbele ya watu amechukua mzigo mkubwa, kwani yeye peke yake ndiye mama, na binti asiyesema lazima aonekane kwa maneno ya mama.

Siku tuliyoanza kujizoeza nikaona upungufu. Msichana alisoma bila ya kukosa hata herufi, lakini alisoma kama asomaye hesabu ya jedwali. Mahadhi ya utenzi yalimchukua kama maji ya mfereji yachukuavyo jani. Mizani minane, kisha minane, na kila ubeti ukamalizika kwa kituo kile kile, mpaka msikilizaji akasinzia. Tena maneno mengine hakuyaelewa, kwa kuwa ni ya Kiamu. Pale mama asemapo "ndoo", watoto wenziwe walicheka kwa kudhani mgonjwa aitisha ndoo ya maji, na yeye akacheka pamoja nao. Nikawaeleza kuwa kwa watu wa Lamu hiyo ni "njoo". Lakini sikuuliza maneno mengine mangapi ameyahifadhi vivyo hivyo, pasi na kujua yasemavyo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Kosa la pili ni kuwa nalimwambia, "Mwanangu, mama huyu ni mgonjwa na yuko karibu kufa. Lia kidogo."

Alinitii, kwani ni mtoto mwenye adabu. Siku ya pili yake akaja na kilio. Sauti akaitetemesha, mabega akayainua, akaufuta uso usio na chozi. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia ni vizuri lakini azidishe. Akazidisha. Wenziwe wakaanza kugeukiana na kuziba midomo. Kila alipozidi kujiliza ndivyo maneno yalivyozidi kupotea, hata zile nasiha zenyewe zikawa hazisikiki.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la tatu, ambalo mpaka leo likinijia usiku hunikosesha usingizi. Mama yake msichana huyu alikuwa amefariki miaka miwili kabla, kwa maradhi yaliyomkalisha kitandani muda mrefu. Mimi nalikuwa katika waliomzika. Nikajiambia kuwa machozi ya kweli yako karibu, ila hayajaguswa. Basi baada ya wenziwe kutoka nikamwita mbele yangu, na pale mlangoni dada mkubwa anisaidiaye kusomesha akiwa ameketi, nikamwambia, "Usomapo, mkumbuke marehemu mama yako. Mwone alivyokuwa amelala."

Aliniangalia kidogo, kisha akainamisha kichwa. Nikamwambia aanze. Alisoma beti tatu. Katika ubeti wa nne sauti ilikatika, na kilichofuata hakikuwa kilio cha kusomea utenzi. Alikaa chini juu ya mkeka akakumbatia magoti yake, na yule dada akaja akamfunika kwa mtandio wake na kumpeleka kwao. Hakurudi chuoni siku ya pili, wala ya tatu, wala ya nne.

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeyapata machozi ya kweli niliyoyatafuta, na hayakufaa kitu. Mtoto hakuweza kusema, na utenzi ni maneno. Tena niliingiza mkono wangu katika jeraha la yatima, si kwa kulitibu, bali ili wageni wa Maulidi wasifu chuo changu.

Usiku wa siku ya nne nalikuwa nikisoma Suratu Yusuf, kama ilivyo ada yangu nikiwa na dhiki. Sura hiyo nimeisomesha mara zisizohesabika, lakini usiku ule ilinisomesha mimi. Ndugu zake Yusuf walipokwisha kumtia kisimani walirudi kwa baba yao wakati wa usiku, nao walikuwa wakilia, na kanzu yenye damu ya uwongo mikononi mwao. Kilio chao kilikuwa dhahiri, cha watu wengi kwa pamoja, na Nabii Yaakub (a.s.) hakudanganyika nacho. Kisha mtazame yeye mwenyewe, mwenye huzuni ya kweli. Kurani haikutueleza kuwa alipiga makelele. Imetueleza kuwa aliwapa kisogo, macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye akiizuia ndani ya nafsi yake. Na alisema kuwa amshitakia Mwenyezi Mungu peke yake.

Nikaufunga msahafu nikakaa kimya. Wenye kuigiza huzuni waliitoa nje yote. Mwenye nayo aliizuia. Na sisi tusomao habari yao, hutuliza yule aliyezuia. Mimi nalimfundisha mtoto kuwafuata wale ndugu, kisha nikamtaka awe na huzuni ya Yaakub pasi na kumwachia ile stara ya Yaakub.

Asubuhi nikaenda nyumbani kwa bibi yake, mama wa marehemu, ambaye ndiye anayemlea. Nikakaa barazani, naye akakaa nyuma ya mlango ulio wazi nusu, kama desturi yetu. Nikamweleza nililolifanya, bila ya kujitafutia udhuru, nikamwomba radhi yeye na mjukuu wake. Nikamwambia kuwa utenzi tumeuacha.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Maalim, radhi umepata. Lakini nani kakwambia kuwa mama yule alikuwa akilia?"

Nikamwambia, "Bibi, ni mgonjwa, na amuaga mwanawe."

Akasema, "Mimi nimeuguza. Mgonjwa ajuaye kuwa akwenda zake hana nafasi ya kulia mbele ya mtoto. Ana kazi. Mwanangu, siku tatu kabla ya kufa, alinambia kuna deni la kanga mbili kwa mwuza nguo, funguo za sanduku zi chini ya godoro, na huyu mdogo asinyolewe nywele mpaka homa imtoke. Sauti haikuwa nayo, lakini alinishika mkono mpaka nikayarudia yote moja baada ya moja. Kulia nimelia mimi, tena baada ya kutoka chumbani."

Nikarudi nyumbani nikaufungua utenzi upya, na sasa nikausoma kama asomaye barua. Wallahi bibi yule alisema kweli. Mwana Kupona asema kuwa ameugua mwaka mzima, lakini alisema ili kueleza kwa nini hakupata kumwambia mwanawe mapema, si kutaka kuonewa huruma. Mara aagiza wino. Mara aahidi kumtungia kidani cha lulu na marijani, naye akusudia nasiha. Mara amfundisha hili na kumkataza lile. Mahali pamoja tu ataja machozi yake mwenyewe, pale amkumbukapo mumewe aliyekufa hali ya kuwa radhi naye. Hata hapo asema tu kuwa kilio hakijamwacha, kisha aendelea na kazi yake.

Hii ndiyo siri ambayo nalipitwa nayo. Mwenye kusema maneno ya mtu mwingine asiitafute huzuni ya mtu yule. Aitafute haja yake. Ajiulize: huyu asema na nani, na ataka apate nini kwake? Akilishika hilo, huzuni, furaha au hofu itakuja yenyewe kwa kadiri yake. Na isipokuja, maneno yatafanya kazi yao, wala msemaji hatakuwa mwongo.

Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa skuli ya sekondari na hufundisha watoto michezo ya kuigiza, nilipomhadithia aliniambia kuwa wenye fani hiyo wamelihangaikia suala hili miaka mingi. Alinitajia Mrusi mmoja, Konstantin Stanislavski, aliyezaliwa mwaka 1863 na kufa mwaka 1938, mmoja wa wawili walioasisi jumba la michezo mashuhuri la Moscow mwaka 1898. Huyo alipata kuwafundisha wachezaji wake wakumbuke mambo yaliyowapata zamani ili hisia zile ziwarudie, kama nilivyofanya mimi kwa ujinga. Lakini katika miaka yake ya mwisho alikazania zaidi vitendo: mchezaji ajue mtu yule ataka nini, na afanya nini ili akipate, na hisia zifuate nyuma ya kitendo. Nilistaajabu kuwa ilichukua umri wa mtu mzima kule Urusi kulifikia jambo ambalo bibi wa mtaani kwetu alinieleza nyuma ya mlango.

Siku mbili baadaye msichana alirudi. Sikumtajia utenzi, yeye ndiye aliyeuliza, "Maalim, mimi siusomi tena?" Nikamwambia, "Ukitaka utasoma, lakini hutalia, na mama yako hatutamgusa. Yeye ana dua zetu." Akasema ataka.

Tukaanza upya. Jambo la kwanza, tulikwenda neno kwa neno mpaka akaweza kunieleza kila ubeti kwa maneno yake mwenyewe, kama amwelezaye jirani. Lile ambalo hakuweza kulieleza hatukulivuka. Jambo la pili, tuliyaacha mahadhi kwa siku tatu, akawa ayasema maneno hivi hivi, kama watu wasemavyo nyumbani. Yaliporudi mahadhi, yalikuta maneno yamekwisha shika mizizi. Jambo la tatu ndilo lililokuwa kubwa. Nalimwambia amlete mdogo wake wa miaka minane, akae mbele yake na kalamu na daftari, na kila nasiha aiandike kwa kifupi. Nikamwambia mkubwa, "Usinisomee mimi, wala usiwasomee wageni. Mwambie huyu, na usiende mbele mpaka uone amepata."

Hapo mambo yaligeuka. Mtoto wa miaka minane huandika polepole. Basi msomaji ikabidi angoje. Alipongoja alimtazama mdogo wake, na alipomtazama sauti ikashuka yenyewe. Mdogo alipochezea kalamu, mkubwa alilikazia neno ili amrudishe. Hakuna niliyemfundisha kushusha wala kukaza. Haja ya kutaka asikiwe ndiyo iliyomfundisha.

Ukafika usiku wa Maulidi. Wanawake walikuwa uani, na sisi walimu wawili tulikuwa upande wa pili wa pazia. Sikuwa naona kitu. Nilikuwa na masikio tu. Baada ya kasida msichana akatoa salamu, kisha nikasikia sauti yake ikimwita binti asogee. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliye chumbani mwake. Mwanzo bado palikuwa na minong'ono, watoto wadogo wakilia na vikombe vikigongana. Kidogo kidogo vikombe vikanyamaza.

Alipofika pale mama amtajapo mumewe na kilio kisichomwacha, alisita. Kimya kikawa kirefu. Moyo wangu ukadunda, nikadhani nimemrudisha tena juu ya ule mkeka, na nikaanza kujilaumu. Kisha sauti ikaendelea, imara ile ile, wala haikutetemeka. Upande ule wa pazia nikasikia wanawake wakivuta makamasi; na upande wetu, mwenzangu alitazama dari, nami nikatazama chini.

Baadaye, alipokuja kunipa mkono wa heri pamoja na bibi yake, nikamwambia amesoma vizuri, na kuwa nilihofu pale aliposita huenda amesahau. Akajibu, "Sikusahau, Maalim. Nilikuwa namngoja amalize kuandika."

Kama alimkumbuka mama yake katika kimya kile sijui. Sikumwuliza, wala sina haki ya kumwuliza.

Huenda msomaji akasema: je, kusema maneno ya mwingine kana kwamba ni yako si uwongo, na kutaka watu waguswe si riya? Swali hili ni zuri, na kwa uchache wa elimu yangu naona hivi. Wasikilizaji wajua kuwa msomaji si Mwana Kupona, hakuna anayedanganywa. Uwongo waingia pale msomaji anapojitia hali asiyokuwa nayo, kwa kutaka yeye ndiye atazamwe badala ya maneno. Na dawa ya riya ni ile ile dawa ya usomaji mbaya: asahau nafsi yake, na amkumbuke anayeambiwa.

Tuna mfano ulio bora kuliko yote. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdallah bin Masud (r.a.) amsomee Kurani. Akastaajabu amsomee vipi ilhali ni yeye aliyeteremshiwa; akajibiwa kuwa apenda kuisikia kwa mwingine. Akasoma Suratun-Nisaa mpaka aya ielezayo siku kila umma utakapoletewa shahidi wake. Mtume akamwambia yatosha, na alipotazama aliona macho yake matukufu yakitiririka machozi. Tazama, ewe ndugu: hadithi haikutaja kuwa msomaji alijiliza. Alisoma kama alivyoamrishwa, na machozi yakawa ya aliyesikiliza.

Basi nawausia walimu wenzangu na wazee wa watoto. Mkimpa mtoto maneno ya kusema mbele ya watu, kwanza hakikisheni ayafahamu. Mwambieni asema na nani, na ataka nini. Msimwambie lia, wala msimwambie cheka. Na kama ana msiba wake, mwacheni nao katika stara. Huo ni wake na Mola wake, si pambo la shughuli zetu. Mimi nalisamehewa na bibi mmoja mwenye moyo mkubwa, na huenda mwingine asipate bahati hiyo.

Namwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona binti Msham, na mama wa msichana yule, na wazee wetu wote waliotangulia. Na atupe ndimi zisemazo yaliyomo nyoyoni, na nyoyo zinazostahili kusemwa. Amin.